Pikapu Inapochelewa Kubadili Gia: Anza na Oili, Usianze na Kufungua Giaboksi

Mwenye pikapu ya otomatiki akifika gereji na kusema gari lake linachelewa kubadili gia, mara nyingi jibu analopata ni fupi: giaboksi imekufa, tafuta nyingine. Huenda jibu hilo ni kweli, na huenda si kweli. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni kubwa mfukoni. Upande mmoja kuna lita chache za oili, filta na gasketi. Upande wa pili kuna giaboksi nzima, ambayo kwa wengi ni mapato ya msimu mzima wa viazi.

Katika Kaunti ya Nyandarua pikapu ni chombo cha kazi. Hubeba viazi kutoka Kinangop, maziwa asubuhi, kabichi siku ya soko, na usiku hugeuka ambulensi ya jirani. Ikilala gereji wiki moja, mzigo hubaki shambani. Pia kuna usalama. Gari linalochelewa kushika gia ni hatari linapoingia barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru pale Flyover. Dereva hukanyaga mafuta, injini ikanguruma, lakini gari likabaki pale pale kwa sekunde mbili huku lori likija kwa kasi.

Somo hili linaeleza jinsi ya kutafuta chanzo cha tatizo hilo hatua kwa hatua, kuanzia jambo la gharama ndogo hadi la gharama kubwa. Linahusu zaidi magari ya otomatiki. Halikusudiwi kumfanya kila mkazi kuwa fundi. Nia yake ni kumwezesha mwenye gari kueleza tatizo sawasawa, kukagua yale yanayokaguliwa kwa macho, na kuuliza maswali yanayofaa kabla hajakubali giaboksi ifunguliwe.

Kinachofanyika ndani ya giaboksi

Gari la gia za mkono hutumia klachi inayokanyagwa kwa mguu. Gari la otomatiki halina pedali hiyo. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili. Injini inapozunguka, oili ndani ya konveta husukumwa na kuizungusha giaboksi, kama vile maji ya mto yanavyozungusha gurudumu la kinu.

Nyuma ya konveta kuna pampu. Pampu hiyo huvuta oili kutoka kwenye sampu iliyo chini ya giaboksi, ikaipitisha kwenye filta na kuisukuma kwa nguvu hadi kwenye valvu bodi. Valvu bodi ina njia nyingi ndogo za oili na milango inayofunguliwa na kufungwa na solenoidi, yaani vali ndogo za umeme. Kompyuta ya gari ndiyo inayoziamuru solenoidi hizo. Solenoidi ikifungua njia, oili huenda kubana pakiti ya sahani za klachi, na gia ikashika.

Kwa hiyo kila gia hushikwa kwa nguvu ya oili. Oili ikipungua, ikiziba njiani, ikivuja kupitia sili zilizokauka au ikipoteza ubora wake, gia itachelewa hata kama vyuma vyote ni vizima. Hii ndiyo sababu uchunguzi unaanza na oili.

Kuchelewa kwa aina tatu

Neno "kuchelewa" hubeba mambo matatu tofauti. Fundi anayeambiwa tu kwamba gia zinachelewa analazimika kubahatisha. Mwenye gari atambue kwanza ni lipi kati ya haya.

La kwanza ni kuchelewa kushika. Gari limesimama, dereva anatoa gia kutoka P kwenda D au R, na gari linakaa kimya kabla ya kushika, kisha linaruka kwa kishindo. Hili hupimwa kwa saa. Gari likiwa limepata joto, lisimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, mguu ukanyage breki kikamilifu, na injini iachwe bila kukanyagwa mafuta. Gia itolewe N kwenda D, na muda uhesabiwe hadi mshtuko mdogo wa kushika usikike. Lirudiwe mara tatu, likipumzishwa dakika moja kila mara. Kisha lifanywe hivyo hivyo kwa R. Vitabu vya ufundi vya giaboksi nyingi za zamani za Toyota huweka kikomo cha sekunde 1.2 kwa D na sekunde 1.5 kwa R. Gari linalochukua sekunde 2 au zaidi lina tatizo.

La pili ni kuchelewa kupanda gia. Gari linatembea, lakini injini inapanda hadi mizunguko 3,500 au 4,000 kwa dakika kabla gia ya juu haijaingia, ingawa dereva hakukanyaga mafuta sana.

La tatu ni kuteleza. Gia imeingia, lakini dereva akikanyaga mafuta mshale wa resi unapanda bila kasi ya gari kuongezeka. Hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu kila dakika ya kuteleza inachoma sahani za klachi.

Mwenye gari aandike pia ni wakati gani tatizo linatokea: asubuhi gari likiwa baridi, mchana likiwa na joto, likipanda mlima, likiwa na mzigo, au siku zote. Maelezo hayo humwokolea fundi saa nyingi za kutafuta.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni tatizo

Si kila kuchelewa ni ugonjwa. Injini ikiwa baridi, kompyuta za magari mengi huchelewesha gia za juu kwa makusudi ili injini ipate joto haraka. Kinangop iko yapata mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake ni za baridi kali, kwa hiyo dakika chache za kwanza gari linaweza kukawia kupanda gia na hilo likawa jambo la kawaida. Likipata joto, hali hiyo inapaswa kuisha.

Mwinuko una athari nyingine pia. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Dereva hukanyaga mafuta zaidi kufidia nguvu hiyo, na kompyuta ikiona pedali imekanyagwa sana huchelewesha gia ya juu. Ndiyo maana filta ya hewa iliyoziba, filta ya dizeli chafu au bomba la tabo linalovuja huweza kuifanya giaboksi nzima ionekane mbovu.

Mambo mengine madogo ya kukagua ni haya:

Kitufe cha kuzuia gia ya mwisho, ambacho kwa magari mengi huandikwa O/D. Taa ya O/D OFF ikiwaka, gari halitaingia gia ya juu.

Kitufe cha nguvu au cha kuvuta tela. Kikiwashwa, gia hucheleweshwa kwa makusudi.

Gia ndogo ya magurudumu manne, yaani 4L. Dereva aliyetoka kwenye matope ya masika akasahau kuirudisha 2H atadhani giaboksi imeharibika.

Matairi. Matairi yaliyobadilishwa kwa saizi kubwa zaidi huidanganya kompyuta kuhusu kasi ya gari.

Mzigo. Pikapu nyingi za kazi zimeundwa kubeba takriban tani moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, hivyo magunia 20 tayari ni tani moja. Pikapu iliyobeba magunia 35 ikichelewa kubadili gia kwenye mlima, huo ni mzigo unaolalamika. Lakini tabia hiyo ikiendelea kila wiki, joto litaichoma oili na tatizo la kweli litafuata.

Hatua ya 2: Kagua oili

Hapa ndipo matatizo mengi hupatikana. Kwa gari lenye dipstiki ya giaboksi, utaratibu wa kawaida ni huu. Gari liendeshwe kilomita kama 15 lipate joto. Lisimamishwe mahali tambarare injini ikiwa inanguruma. Mguu ukiwa kwenye breki, gia ipitishwe taratibu kutoka P hadi ya mwisho na kurudishwa P. Kisha dipstiki itolewe, ifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishwe na isomwe upande wa alama ya moto. Kuna magari yanayotaka oili ipimwe gia ikiwa N, kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe kwanza.

Kosa la kawaida ni kupima oili injini ikiwa imezimwa, kama inavyopimwa oili ya injini. Injini ikizimwa, oili iliyokuwa ikizunguka hushuka sampuni na kipimo husoma juu kuliko ukweli. Mwenye gari huona oili imetosha, kumbe imepungua.

Pikapu nyingi za miaka ya karibuni hazina dipstiki. Oili yake hupimwa kwa kufungua nati maalumu chini ya giaboksi, gari likiwa limeinuliwa sawasawa na oili ikiwa katika joto lililotajwa na mtengenezaji, kwa kawaida kati ya nyuzi 35 na 50. Joto hilo husomwa kwa mashine. Kazi hii ni ya fundi mwenye vifaa, si ya kulala chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Baada ya kiasi, itazamwe rangi na harufu. Tone moja liwekwe juu ya karatasi nyeupe.

Oili nyekundu angavu ni nzima.

Oili ya kahawia isiyo na harufu kali imezeeka na inahitaji kubadilishwa.

Oili nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua inaonyesha sahani za klachi zimeanza kuungua.

Oili ya rangi ya waridi yenye povu kama maziwa yaliyotiwa rangi ina maji ndani. Gari lisiwashwe tena. Kwa magari mengi oili ya giaboksi hupozwa kwenye kibomba kilichomo ndani ya rejeta, na kibomba hicho kikitoboka, maji ya rejeta huingia kwenye giaboksi na kubandua utando wa sahani za klachi. Maji huweza pia kuingia kupitia kijipumulio cha giaboksi gari linapovuka mto uliofurika.

Oili ikiwa imepungua, swali la kwanza ni imeenda wapi. Giaboksi haili oili kama injini iliyochoka. Ikipungua, imevuja. Yakaguliwe mabomba ya kwenda kwenye rejeta, gasketi ya sampu, sili ya propshafti na sehemu ya mbele ambapo injini na giaboksi zinakutana. Kadibodi safi ikiwekwa chini ya gari usiku itaonyesha asubuhi tone limetoka wapi.

Hatua ya 3: Badilisha oili kwa njia sahihi

Oili za giaboksi hazifanani. Magari mengi ya Toyota ya zamani kidogo hutumia oili ya T-IV na mapya hutumia WS. Ford Ranger zenye giaboksi ya gia 6 hutumia Mercon LV, na zile za gia 10 hutumia Mercon ULV iliyo nyepesi zaidi. Ukitia oili nzito mahali pa nyepesi, gia zitachelewa siku hiyo hiyo, hasa asubuhi ya baridi. Jina la oili hupatikana kwenye kitabu cha gari au kwenye dipstiki yenyewe. Maneno "hii inaingia gari lolote" kutoka kwa muuzaji yasikubaliwe bila kuthibitisha jina hilo kwenye mkebe.

Sampu ikifunguliwa, kinachotoka kwa kawaida ni theluthi moja hadi nusu ya oili yote. Iliyobaki imo ndani ya konveta na mabomba. Ndiyo maana mafundi wengi hubadilisha mara mbili au tatu, gari likiendeshwa siku chache katikati, badala ya kuisukuma oili yote itoke kwa mashine ya nguvu. Katika giaboksi iliyokaa miaka bila huduma, msukumo huo unaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye njia nyembamba za valvu bodi.

Mwenye gari aombe kuwepo sampu inapofunguliwa. Ndani yake kuna sumaku ndogo. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, vumbi la rangi ya shaba au mabaki meusi ya sahani ni habari mbaya, na hapo kuongeza oili mpya hakutaponya kitu. Filta ibadilishwe wakati huo huo. Filta iliyoziba huifanya pampu ivute hewa, na dalili yake ni gari kuchelewa kushika gia zote pamoja na sauti ya mluzi.

Hatua ya 4: Soma kompyuta

Magari mengi yaliyotengenezwa baada ya mwaka 2000 yana soketi ya kupimia chini ya usukani. Mashine ikichomekwa hapo husoma misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa. Msimbo P0700 husema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina jambo la kuripoti, hivyo mashine inapaswa kusoma zaidi ya hapo. P0715 huhusu sensa ya mzunguko unaoingia kwenye giaboksi, P0720 sensa ya mzunguko unaotoka, P0750 solenoidi ya kwanza ya kubadili gia, P0741 klachi ya konveta, na P0218 joto lililopita kiasi.

Msimbo huelekeza mahali pa kutafuta tu. P0750 haimaanishi moja kwa moja kuwa solenoidi imekufa. Huenda waya wake umeliwa na panya, au plagi yake imeingia maji na kuota kutu. Fundi makini hupima waya na upinzani wa solenoidi kwa mita kabla ya kununua spea. Afute pia misimbo ya zamani, gari liendeshwe, kisha asome tena aone ni ipi iliyorudi.

Katika magari ya zamani yasiyo na kompyuta kamili, kuna kebo inayotoka kwenye injini hadi kwenye giaboksi na kuiambia pedali imekanyagwa kiasi gani. Kebo iliyokazwa kupita kiasi huchelewesha kupanda gia. Iliyolegea huleta gia mapema na gari likateleza. Kuirekebisha ni kazi ya spana mbili.

Hatua ya 5: Unganisha dalili

Oili ikiwa nzima na ya kutosha, na kompyuta ikiwa imesomwa, wakati na namna ya kuchelewa huonyesha sehemu ya kutazama.

Gari likichelewa kushika asubuhi tu baada ya kulala, halafu likawa sawa siku nzima, mara nyingi oili ya konveta imeshuka usiku, au sili za ndani zimekauka na hulainika zikipata joto.

Likiwa sawa asubuhi na kuchelewa mchana likiwa na joto, oili imekuwa nyepesi na inapita kwenye mianya ya pampu, sili au valvu bodi iliyochakaa. Fundi apime nguvu ya oili kwa geji.

Likichelewa kwenye R peke yake, chanzo ni klachi au breki ya ndani inayoshika gia ya nyuma, pamoja na njia yake ya oili.

Likichelewa kupanda gia moja tu, kwa mfano ya pili kwenda ya tatu, solenoidi au vali ya gia hiyo ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Likichelewa gia zote kwa hali zote, kuna upungufu wa oili, filta iliyoziba au pampu dhaifu.

Valvu bodi na solenoidi katika giaboksi nyingi hufikiwa kwa kutoa sampu, bila kuteremsha giaboksi yote. Kuiteremsha na kuifungua ni hatua ya mwisho, baada ya vipande vya chuma au sahani zilizoungua kuonekana, au baada ya geji kuonyesha pampu haina nguvu.

Mfano wa kufikiria

Tuseme mkulima wa karibu na Engineer ana pikapu ya otomatiki yenye kilomita 190,000. Kwa mwezi mmoja gari limekuwa likichukua sekunde 3 kushika D asubuhi, na likibeba viazi kwenda Naivasha hukawia kuingia gia ya juu. Anaambiwa anunue giaboksi.

Akifuata hatua za somo hili, atapima kwanza na kuandika: D sekunde 3, R sekunde 3, hali mbaya zaidi asubuhi. Gia zote zimeathirika, kwa hiyo solenoidi moja haishukiwi. Atakagua oili injini ikiwa inanguruma na kukuta dipstiki imeshika oili kidogo tu mwishoni, ya rangi ya kahawia, isiyo na harufu ya kuungua. Kadibodi itaonyesha tone chini ya bomba la kwenda kwenye rejeta. Fundi akibadilisha bomba hilo, akatoa sampu, akakuta tope laini la kijivu pekee, akaweka filta mpya na oili sahihi, muda wa kushika utapimwa tena.

Ukishuka chini ya sekunde moja na nusu, kazi imekwisha na giaboksi haikuguswa. Ukibaki sekunde 3, mkulima hajapoteza kitu, kwa sababu oili na filta vilihitajika hata hivyo, na sasa fundi ana sababu ya kupima nguvu ya pampu. Lakini kama oili ingetoka nyeusi na vipande vya chuma vikakutwa kwenye sumaku, yule aliyesema giaboksi imekufa angekuwa amesema kweli, na mkulima angelipa akijua analipia nini.

Baada ya kazi, betri ikiwa ilitolewa, kompyuta huweza kusahau ilivyokuwa imezoea kubadili gia. Gari litagonga kidogo au kusita kwa siku chache. Liendeshwe kwa upole katika kasi mbalimbali, au fundi alifundishe upya kwa mashine pale mtengenezaji anapoagiza hivyo.

Haki za mwenye gari

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa na ya kupata habari anazohitaji ili kufaidika nazo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari, ikigusa makadirio ya gharama, idhini ya mteja kabla ya kazi na kurudishiwa spea zilizotolewa. Kwa hiyo mwenye gari anaweza kumwambia fundi kwa heshima: "Naomba makadirio kwa maandishi, unionyeshe misimbo iliyosomwa, na spea za zamani niondoke nazo." Fundi mzuri hachukizwi na maombi hayo. Yanamlinda yeye pia, mteja akija baadaye na malalamiko.

Kabla ya kukubali giaboksi ifunguliwe, yaulizwe maswali manne. Oili ilikuwa kiasi gani na rangi gani? Sumaku ya sampu ilikuwa na nini? Kompyuta ilisema nini baada ya misimbo kufutwa? Nguvu ya oili ilipimwa kwa geji? Swali lisilo na jibu linaonyesha hatua iliyorukwa.

Anayenunua giaboksi iliyotumika aandikiwe risiti yenye namba ya giaboksi na muda wa dhamana. Namba hiyo ilinganishwe na ile ya zamani, kwa kuwa pikapu mbili zinazofanana kwa nje huweza kuwa na giaboksi tofauti.

Oili iliyotolewa isimwagwe mtaroni wala kwenye udongo. Ni taka yenye madhara, na Nyandarua ni chanzo cha mito ambayo maji yake hunywewa mbali. Iwekwe kwenye mtungi uliofungwa na kupewa mkusanyaji aliye na leseni ya NEMA.

Wakati wa kusimama mara moja

Gari lisiendelee na safari likiteleza kiasi cha kushindwa kupanda, likitoa harufu ya kuungua, taa ya joto la giaboksi ikiwaka, au oili ikionekana kama maziwa ya waridi. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Pia lisivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, kwa sababu injini ikizimwa pampu haizunguki na vyuma vya ndani huzunguka bila oili. Lipandishwe kwenye gari la kubebea, au propshafti zinazoelekea kwenye magurudumu hayo zitolewe kwanza.

Maswali ya kujipima

1. Pikapu yako inachelewa kupanda gia ya juu kwa dakika tano za kwanza asubuhi, kisha inakuwa sawa siku nzima. Utafanya nini?

2. Fundi amepima oili ya giaboksi injini ikiwa imezimwa akasema imetosha. Kuna kasoro gani?

3. Mashine imeonyesha P0750 na unaambiwa ununue solenoidi leo. Utauliza nini kwanza?

Majibu: Kwanza, hali hiyo inaweza kuwa ya kawaida kwa injini baridi. Pima muda wa kushika D na R, kagua oili, kisha fuatilia kama muda unaongezeka. Pili, kipimo kimesoma juu kuliko ukweli, na kinapaswa kurudiwa injini ikiwa inanguruma na oili ikiwa na joto, kama kitabu cha gari hilo kinavyoelekeza. Tatu, uliza kama waya, plagi na upinzani wa solenoidi vimepimwa kwa mita, na kama msimbo ulirudi baada ya kufutwa.